Kutoka Tatizo Hadi Kifaa: Usanifu wa Kihandisi Hatua kwa Hatua, kwa Mfano wa Jiko la Mkaa

Mafundi wengi wazuri huanzia kazi mwishoni. Mteja akisema anataka jiko linalokula mkaa kidogo, mkasi wa bati umeshaingia kazini kabla hajamaliza kueleza. Jiko linatoka limenyooka, limepakwa rangi, linauzika. Ukimuuliza fundi linaokoa mkaa kiasi gani, atakujibu: linaokoa sana. Sana si kipimo. Usanifu wa kihandisi ni utaratibu wa kulipatia neno hilo namba, na sehemu kubwa ya kazi yake ngumu iko kabla bati halijakatwa.

Vitabu huuchora utaratibu huu kama duara lenye visanduku vitano, saba au kumi, kutegemea kitabu. Idadi isikusumbue. Kinachotenganisha usanifu na kubahatisha ni mambo mawili: kila uamuzi una sababu iliyoandikwa, na uko tayari kurudi nyuma jaribio likikukatalia.

Hapa tutafuata tatizo moja toka mwanzo. Tuseme yuko mama lishe anayepika wali, maharage na ugali kwa jiko la bati la kawaida, na mkaa unamla faida. Nimechagua jiko kwa sababu karakana yoyote yenye fundi bati na mfinyanzi jirani inaweza kulitengeneza, na kwa sababu ukanda wetu una historia halisi ya kifaa hiki. Ukiwa unasanifu kaushio la mboga, mkokoteni au tangi la maji ya mvua, hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Nenda ukaone kwa macho yako

Usianze kwa kumuuliza mama lishe anataka jiko gani. Atakutajia lile aliloliona kwa jirani. Muombe kwa heshima: "Mama, naomba nikae hapa pembeni leo nione unavyopika, sitakusumbulia wateja." Kisha ukae, kuanzia anapowasha moto alfajiri mpaka anapomwaga jivu. Uwe na daftari, saa, na mizani inayosoma gramu.

Andika kila anapoongeza mkaa: saa ngapi, gramu ngapi, sufuria gani iko juu. Andika upepo unatokea wapi. Mkaa anaoununua kwa kopo upime kwenye mizani, kwa kuwa kopo moja na jingine hutofautiana, na mkaa ulionyunyiziwa maji huongeza uzito bila kuongeza moto.

Halafu angalia mikono yake. Utaona kidirisha cha hewa cha jiko kiko wazi siku nzima. Usidhani ni uzembe. Jaribu kukifunga wewe. Kimejaa jivu, bati lake limepinda kwa joto, na kishikio kinaunguza vidole. Ndiyo maana maharage yanayotaka moto wa taratibu yanatokota kwa moto mkali saa mbili nzima, na nusu ya mkaa inaishia hewani. Ngoja pia afike kwenye ugali. Atakanyaga mguu wa jiko kwa kandambili, atabana sufuria kwa kitambaa, na mwiko utaisukuma sufuria upande mmoja na jiko litaifuata. Kila anaposonga, mguu mmoja unanyanyuka kidogo.

Ungemhoji kwa maneno asingekueleza lolote kati ya hayo. Kwake si matatizo, ndiyo mapishi yenyewe. Siku moja ya kukaa kibandani inakupa mambo mawili ambayo hayakuwa kwenye ombi la mteja, kidirisha kisichofungika na jiko linaloyumba, na yote mawili yatakuja kuamua umbo la kifaa.

Hatua ya 2: Liandike tatizo kwa sentensi moja

Sentensi iwe na mtu, iwe na kipimo, na isibebe suluhisho ndani yake. "Mama lishe anahitaji jiko la udongo" haifai, kwa sababu umeshaamua kabla hujafikiri. "Mkaa umepanda bei" nayo haifai. Ni kweli, lakini fundi hana la kufanya na bei ya sokoni.

Hii inafaa: "Mama lishe anayepikia watu 40 anatumia kilo 6 za mkaa kwa siku, tunataka apike chakula kilekile, bila kuchelewa kuliko sasa, kwa kilo 4 au pungufu, na jiko lisinyanyuke anaposonga ugali."

Jipime hivi: je, unaweza kufikiria angalau njia tatu tofauti kabisa za kutimiza sentensi hiyo? Ikiwa ni moja tu inayoingia, basi suluhisho limejificha humo. Lifute uandike upya.

Hatua ya 3: Tenga ya lazima na ya kupenda

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto weka masharti ya lazima, yale ambayo kifaa kikiyakosa hakitoki karakanani. Kulia weka ambayo ingefaa yawepo. Kila sharti liandikwe kwa namna ambayo mtu mwingine, asiyekujua, anaweza kulikagua akasema ndiyo au hapana.

"Jiko liwe imara" halikaguliki. Chukua mizani ya ndoano, ile ya kuning'iniza inayotumiwa na wauza nyama, ifunge kwenye ukingo wa sufuria, na uvute kwa mlalo mpaka ufikie nguvu inayolingana na ya mama anaposonga. Tuseme imesoma kilo 6. Sasa sharti lako ni hili: sufuria ya ugali ikiwa juu, jiko lisinyanyuke likivutwa kwa nguvu ya kilo 6 kutoka upande wowote. Maneno "upande wowote" yakumbuke, tutayarudia.

Masharti mengine ya lazima kwa kazi hii: kilo 4 za mkaa kwa siku, sufuria zake zilezile zikae bila kununua nyingine, kishikio cha kidirisha kiguswe bila kitambaa, bei isizidi anayoweza kuirudisha kwa mwezi mmoja. La bei lipigie hesabu mara moja. Tuseme kilo ya mkaa ni shilingi 1,000 za Tanzania. Akiokoa kilo 2 kwa siku ni shilingi 2,000, kwa hiyo jiko la shilingi 30,000 linajilipa kwa siku 15 za kazi. Jiko la 90,000 linahitaji siku 45, na hapo umeshatoka nje ya sharti hata kama ni zuri namna gani.

Upande wa kulia unaweza kuandika uzito mdogo, rangi, mahali pa kuwekea chapati zisipoe. Vitu hivi vina tabia ya kuvuka mstari kimyakimya kuja kushoto. Visivuke bila mtumiaji kuridhia.

Hatua ya 4: Pima hali ilivyo, kisha piga hesabu ya haraka

Bila kipimo cha jiko la zamani huna cha kulinganisha nacho. Kipimo rahisi kinachotumika duniani tangu miaka ya 1980 ni cha kuchemsha maji. Pima lita 5 za maji, ambazo ni kilo 5, na joto lake la kuanzia. Pima mkaa unaouweka. Chemsha, acha yatokote kwa muda uliopanga, kisha pima maji yaliyobaki na mkaa uliobaki.

Tuseme maji yalikuwa nyuzi 25 yakafika 100. Kila kilo ya maji inahitaji kilojuli 4.186 za joto kupanda nyuzi moja, kwa hiyo 5 × 4.186 × 75 ni kama kilojuli 1,570. Yamepungua gramu 400 kwa mvuke. Kila kilo ya mvuke hubeba kilojuli 2,257, kwa hiyo hapo kuna 903 nyingine. Jumla iliyoingia kwenye sufuria ni 2,473. Mkaa uliopotea ni gramu 500, na mkaa mkavu mzuri una kama kilojuli 30,000 kwa kilo, yaani umetumia 15,000. Gawanya: asilimia 16 na nusu ya joto la mkaa. Huo ndio ufanisi wa jiko. Joto lililobaki limepita ukutani mwa jiko, limepanda pembeni mwa sufuria, au limeenda na upepo. (Ukiwa Nairobi au Arusha maji huchemka chini ya nyuzi 100 kwa sababu ya mwinuko. Tumia namba ya kipimajoto chako.)

Rudia mara tatu kwa mkaa wa gunia moja. Majibu yakiwa 16, 17 na 16, una msingi. Yakiwa 12, 21 na 15, tatizo liko kwenye namna unavyopima, na hakuna maana ya kuendelea mpaka ulijue. Mara nyingi ni upepo, au mkaa wa kuwashia ambao haukuhesabiwa.

Jambo moja la usalama kabla hatujaendelea. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Majaribio yote yafanyike barazani au chini ya mti, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha.

Hesabu ya haraka ina faida nyingine: huua mawazo mabaya mapema, yakiwa bado bei rahisi. Mfano mkubwa ni pampu ya maji ya bembea la kuzunguka iliyoanzia Afrika Kusini, ambapo watoto wakicheza shuleni wanavuta maji kisimani. Mwaka 2006 ulitangazwa nchini Marekani mpango wa kusambaza 4,000 kufikia 2010. Ilisemwa pampu moja ingehudumia hadi watu 2,500, na ingetoa kama lita 1,400 kwa saa ikizungushwa bila kukoma. Chukua lita 15 kwa kila mtu: 2,500 × 15 ni lita 37,500. Gawanya kwa 1,400. Watoto wanatakiwa wacheze karibu saa 27 kwa siku. Mpango ulikwama kabla ya kufikia lengo, na kuna vijiji ambako wanawake watu wazima walibaki wanasukuma bembea kwa mikono ili wajaze ndoo. Namba zote zilizohitajika kuliona hilo zilikuwa kwenye karatasi za matangazo.

Hatua ya 5: Tafuta aliyelishika tatizo hili kabla yako

Karibu hakuna tatizo jipya kabisa, na kuazima wazo si aibu. Aibu ni kuliazima bila kuliuliza linafaa wapi. Pampu ya kukanyaga kwa miguu ilienea Bangladesh, kwenye nchi tambarare ambako maji yako karibu. Shirika la KickStart lililoanzia Nairobi mwaka 1991 lilipotaka kuwauzia wakulima wa Kenya, lilibidi liifanye iweze pia kusukuma maji kupandisha mlimani, kwa kuwa mashamba mengi ya huku yako kwenye miteremko.

Jiko la mkaa lina hadithi ya namna hiyohiyo. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya Nairobi mkutano wa vyanzo vipya vya nishati, na miaka iliyofuata wataalamu na mafundi wa Kenya walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand: ndoo ya bati yenye udongo wa kuchoma ndani. Halikukubali mara moja. Miundo ya mwanzo iliyojaa udongo ilikuwa mizito na ikipasuka, na yenye kitako chembamba ilipinduka. Maoni ya wanawake waliopikia majiko hayo yalirudi karakanani, mafundi wakabadilisha, wakarudia tena. Mwisho likatoka lile umbo ambalo leo linauzwa kila soko: mdomo mpana, kiuno chembamba, kitako kipana, na kikombe cha udongo kilichobaki nusu ya juu tu, pale moto ulipo. Kati ya udongo na bati kuna saruji iliyochanganywa na vemikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto.

Vipimo vilivyochapishwa vinaweka ufanisi wa jiko la bati tupu kati ya asilimia 10 na 20, na wa hilo la udongo kati ya 25 na 40. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 zaidi ya 700,000 yalikuwa yameshatumika Kenya, mengi yakitoka kwa mafundi wa jua kali, yaani wa karakana ndogo za mitaani, si kiwandani.

Ukisoma historia kama hii, tafuta sababu ya kila umbo. Kwa nini kitako ni duara zima na si miguu? Kwa nini udongo haufiki chini? Ukijua sababu utajua kipi unaweza kubadilisha na kipi ukikigusa unarudia kosa la miundo ya mwanzo.

Hatua ya 6: Bungua bongo, halafu pambanisha

Kaeni watatu au wanne: fundi bati, mfinyanzi, mama lishe mwenyewe, na mtu mmoja asiyejua lolote kuhusu majiko. Kwa dakika 20 kila wazo linaandikwa, hakuna ruhusa ya kusema haiwezekani. Baadaye mchujo uwe mkali. Kila wazo lipite kwenye masharti ya lazima, linalokosa hata moja litoke. Gesi, kwa mfano, inaweza kutoka kwa sharti la bei ya kuanzia, na hakuna haja ya kuibishania zaidi.

Tuseme yamebaki matatu. La kwanza, jiko lilelile la zamani likawekewa kikinga upepo, mfuniko wa sufuria na kidirisha kipya kinachofungika. La pili, jiko la kikombe cha udongo. La tatu, jiko la kuta mbili za chuma na jivu katikati. Yape alama 1 hadi 5 kwa kila kigezo, na kila kigezo kipe uzito wake: mkaa 5, bei 4, kutoyumba 4, urahisi wa kukarabati 3.

La kwanza limepata 2, 5, 3, 5. Zidisha kwa uzito ujumlishe: 10 + 20 + 12 + 15 ni 57. La pili limepata 4, 3, 4, 3, yaani 20 + 12 + 16 + 9, nayo ni 57. La tatu lina 3, 3, 4, 2, jumla 49.

Mawili yamelingana. Wengi wakifika hapa huongeza kigezo kimoja ili lile walilolipenda lishinde. Usifanye hivyo. Jedwali halikuamulii, linakulazimisha useme wazi unathamini nini. Mlingano huu una maana yake: la kwanza linaokoa kidogo kwa pesa kidogo na linaweza kuwa tayari kesho, la pili linaokoa zaidi lakini linachukua wiki. Basi fanya la kwanza sasa hivi, pima, na matokeo yake ndiyo yawe msingi mpya ambao la pili lazima liushinde. Kama kikinga upepo na mfuniko peke yake vimekufikisha kilo 4, kazi imeisha na hakuna haja ya kuchoma udongo. Wahandisi hawapendi kusikia hivyo, lakini mteja anapenda.

Tuchukulie vimefika kilo 5 tu. Twende kwenye udongo.

Hatua ya 7: Chora kwa vipimo

Mchoro wa jiko unatosha kurasa mbili: jiko likitazamwa kwa ubavu, na jiko likikatwa katikati kama papai ili unene wa udongo uonekane. Kila mstari uandikwe sentimita zake. Wape mafundi wawili mchoro huohuo. Wakileta vitu viwili tofauti, mchoro haujakamilika.

Sehemu mbili zinahitaji kalamu.

Ya kwanza ni udongo kusinyaa. Tengeneza kigae cha udongo uleule, chora juu yake mstari wa sentimita 10, kausha, choma, upime tena. Tuseme umerudi 9, yaani umesinyaa asilimia 10. Ukitaka kikombe chenye kipenyo cha sentimita 25 baada ya kuchomwa, kalibu iwe 25 ÷ 0.9, kama sentimita 27.8. Ukisahau hili kikombe kitacheza ndani ya bati, utajaza pengo kwa saruji nene, na saruji itapasuka. Udongo wa bonde lingine una kusinyaa kwake, kwa hiyo kigae kirudiwe kila unapobadilisha chanzo.

Ya pili ni miguu, na hapa ndipo "upande wowote" inapodai haki yake. Jiko, sufuria na ugali tuseme vina kilo 20. Ukingo wa sufuria uko sentimita 45 kutoka ardhini. Kitako cha duara chenye nusu kipenyo cha sentimita 15 kinanyanyuka kikivutwa kwa 20 × 15 ÷ 45, kama kilo 6.7. Kimepita sharti la kilo 6. Sasa weka miguu mitatu kwenye duara hilohilo. Jiko halipindukii kwenye mguu, linapindukia kwenye mstari unaounganisha miguu miwili, na mstari huo uko nusu tu ya umbali kutoka katikati: sentimita 7.5. Nguvu inashuka hadi kilo 3.3. Miguu minne inakupa sentimita 10.6 na kilo 4.7, bado haitoshi.

Miguu mitatu ina sifa yake, haichezi kwenye ardhi yenye mashimo, na ndiyo maana watu wanaipenda. Lakini kwa anayesonga ugali ina pande tatu dhaifu. Kitako cha duara zima hakina upande dhaifu. Ukilitazama upya jiko lenye kiuno utaelewa kwa nini chini kumepanuka vile.

Hatua ya 8: Tengeneza kielelezo, tena kwa bei ya chini kabisa

Kielelezo si bidhaa. Kazi yake ni kujibu swali moja, kwa hiyo kitengenezwe kwa chochote kinachojibu swali hilo. Unataka kujua kama sufuria zitakaa? Boksi gumu linatosha. Kama kidirisha kinafungika kwa kidole gumba? Kitengeneze kidirisha peke yake. Swali la moto tu ndilo linalohitaji bati na udongo wa kweli.

Kwa bati, vipande vya pipa kuukuu ni vizuri na vinene. Pipa lililobeba mafuta lioshwe na kukaushwa kabisa kabla ya kukatwa, mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka. Karibu na moto epuka bati jipya la kuezekea, kwani likipata joto kali zinki iliyopakwa juu yake hutoa moshi unaodhuru.

Kikombe kikitoka tanurini kishike kwa vidole viwili, kikining'inia, ukigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia, mlio unakaa kidogo hewani. Chenye ufa hutoa sauti ya kufa, kama ya gogo, hata pale jicho halioni chochote. Viweke pembeni vyote vilivyokosa mlio, ukavipige ufa kwa makusudi uone ulipoanzia: kwenye matundu ya chekecheo, au kwenye ukingo. Matundu yaliyotobolewa udongo ukiwa mkavu mno ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Hatua ya 9: Jaribu kwa nia ya kulishinda jiko lako

Rudia kipimo kilekile cha hatua ya 4, kwa mkaa wa gunia moja, sufuria moja, mahali pamoja, mara tatu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukiongeza matundu na kupunguza kina cha kikombe siku moja, matokeo yakibadilika hutajua umshukuru nani.

Tuseme sasa mkaa uliotumika ni gramu 300 na mvuke gramu 300. Joto lililoingia ni 1,570 + 677, kama 2,247. Gawanya kwa 9,000, ni asilimia 25. Ni hatua nzuri kutoka 16 na nusu. Ila kuna mtego: jiko lenye asilimia kubwa linaweza kuwa linachelewa kuchemsha. Angalia pia dakika. Mama lishe ambaye wali umechelewa saa sita mchana hatakushukuru kwa gramu 200.

Baada ya maji, pikeni chakula chake halisi kwa majiko yote mawili, maharage kilo ileile, mpishi yuleyule. Halafu ya kikatili: jiko likiwa jekundu, mwaga maji kidogo kwenye kikombe kama sufuria inavyofurika. Liangushe kutoka usawa wa goti, likiwa limepoa. Livute kwa mizani ya ndoano pande zote. Fungua na ufunge kidirisha mara mia mbili huku kukiwa na jivu. Kinachovunjika karakanani kinakupunguzia lawama kibandani.

Hatua ya 10: Mwachie mtumiaji, kisha usimwelekeze

Mpe jiko na daftari dogo, muombe aandike au amwambie mwanawe aandike mkaa anaonunua kila siku. Usimfundishe zaidi ya ambavyo mnunuzi wa kawaida angefundishwa dukani. Rudi baada ya wiki mbili, ukae tena pembeni.

Pengine utakuta ameweka jiwe chini ya kitako ili jivu litoke vizuri, au amekifunga kidirisha moja kwa moja kwa waya, au jiko la zamani limerudi na la kwako linapika chai. Kila kimoja ni taarifa. Waya unakuambia kidirisha kinateleza chenyewe. Jiwe linakuambia mlango wa jivu uko chini mno. Jiko la zamani kurudi ndilo zito zaidi: huenda sufuria kubwa ya wali haipati moto wa kutosha, na hapo unarudi hatua ya 7, labda hata ya 3, kwa sababu inawezekana sharti la muda uliliandika vibaya. Kurudi huko kuingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Tenga theluthi ya pesa na muda kwa ajili ya toleo la pili.

Hatua ya 11: Kiandae kitengenezwe na watu wengine

Jiko moja zuri ni kazi ya mikono, majiko mia yanayofanana ndiyo usanifu. Kwa kawaida kikombe kinatoka kwa mfinyanzi na bati linatoka kwa fundi mwingine, mtaa mwingine, na hawaonani. Wape kipimo kimoja kinachoshikika: pete ya chuma yenye kipenyo cha juu kinachoruhusiwa na nyingine ya chini. Kikombe kipite kwenye kubwa na kisipite kwenye ndogo. Hakuna haja ya kusoma rula, wala kubishana siku ya kupokea mzigo.

Andika kwenye ukurasa mmoja aina ya udongo na ulipochimbwa, uwiano wa saruji na vemikulaiti, muda wa kukausha kabla ya kuchoma, na majaribio matatu ambayo kila jiko linapita kabla ya kuuzwa: mlio, mvuto na kidirisha. Ukitaka kuliuza kwa wingi, ukurasa huo pamoja na daftari la vipimo ndivyo utakavyoanza navyo shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya.

Gonga namba ya toleo na mwezi kwenye bati, pembeni mwa kidirisha. Jiko likirudi limepasuka utajua limetoka kwenye udongo upi na tanuri la lini, na majiko mengine ya mzigo huo utayatafuta kabla hayajapasuka.